Kutafuta hitilafu kwenye mtandao wa nyumbani wenye kompyuta za mifumo tofauti

Soma kwanza swali hili kama ungelikuta kwenye karatasi ya mtihani.

"Nyumbani kuna kompyuta ya mezani yenye Windows 10 na kompyuta mpakato yenye Ubuntu. Zote mbili zimeunganishwa kwenye ruta moja. Mtumiaji wa Ubuntu anataka kufungua folda ya notsi iliyo kwenye kompyuta ya Windows, lakini anashindwa. Eleza hatua tano za kutafuta chanzo cha tatizo hilo. (Alama 10)"

Jibu ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote kwa swali la aina hii ni hili: "Tatizo ni kwamba Windows na Ubuntu haziendani, hivyo aweke Windows kwenye kompyuta zote mbili." Jibu hilo halipati alama hata moja. Kwanza, si kweli. Pili, swali limeomba hatua za kutafuta chanzo, na mtahiniwa ametoa hukumu kabla ya kuuliza chochote. Mtoto wa nyumba hiyo akilifuata jibu lile, atafuta mfumo mzima, pengine na mafaili yake yote ya masomo, halafu akute folda bado haifunguki kwa sababu kebo ilikuwa imelegea.

Majina ya Kiingereza ya vifaa na huduma zote zilizotajwa hapa umo nayo kwenye daftari lako la darasani. Hapa tunataka uelewe jambo lenyewe. Ukilielewa, majina hayatakusumbua.

Kwa nini mifumo tofauti huweza kuzungumza

Mkurya na Mmakonde wakikutana sokoni hawahitaji kujua lugha ya nyumbani ya mwenzake. Wanaongea Kiswahili na biashara inaendelea. Kompyuta nazo hufanya hivyo. Ndani yake Windows na Ubuntu hupanga kazi kwa njia tofauti sana, lakini zinapotoka nje kwenye waya au mawimbi zote hutumia itifaki zilezile. Itifaki ni makubaliano ya namna ya kutuma na kupokea taarifa. Kwa mtandao wa nyumbani unahitaji kukumbuka mbili. Ya kwanza ni IP, inayozipa kompyuta anwani na kufikisha pakiti. Ya pili ni SMB, inayotumika kufungua folda na mafaili yaliyo kwenye kompyuta nyingine.

SMB ilianza miaka ya 1980 ndani ya kampuni ya IBM, na baadaye Microsoft ikaifanya kuwa njia ya kawaida ya Windows kushirikiana mafaili. Kompyuta za Linux huielewa kwa kutumia programu ya bure iitwayo Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kompyuta za Apple nazo hutumia SMB. Kwa hiyo lugha ya pamoja ipo tayari. Kazi yako ni kutafuta mahali mazungumzo yanapokatikia.

Anza chini, panda juu

Mawasiliano ya mtandao yamepangwa kwa tabaka, na tabaka la juu haliwezi kufanya kazi kama la chini limekufa. Chini kabisa kuna waya au mawimbi. Juu yake kuna anwani, kisha njia ya pakiti, kisha ulinzi unaochuja pakiti, kisha huduma ya kushiriki mafaili, na juu kabisa kuna jina la mtumiaji, nywila na ruhusa. Anayeanza kuhangaika na nywila kabla ya kutazama kama kebo imeingia anapoteza muda wake. Kwenye mtihani anapoteza na alama za mpangilio.

Unapopanda, badilisha kitu kimoja tu, kisha jaribu tena. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na tatizo likaisha, hutajua kipi kilikuwa kibaya, na pengine viwili ulivyogusa umeviharibu.

Tabaka la waya halina mengi. Tazama taa ndogo kando ya tundu la kebo kwenye ruta na kwenye kompyuta. Ikiwa imezima, chomoa na uchomeke tena, au badilisha kebo. Kama ni Wi-Fi, hakikisha kompyuta zote mbili zimeingia kwenye mtandao wenye jina lilelile. Ruta nyingi hutoa pia mtandao wa wageni. Aliye kwenye mtandao huo hupata intaneti vizuri kabisa lakini kwa kawaida huzuiwa kuziona kompyuta za wenyeji. Mtumiaji hulalamika kwamba "intaneti ipo, folda haionekani", na chanzo ni hicho tu.

Anwani

Hapa ndipo penye mambo mengi, na ndipo mtahini hupenda kuuliza.

Anwani ya IP ya toleo la 4 ina biti 32, zinazoandikwa kama namba nne, kila moja kati ya 0 na 255. Mtandao wa nyumbani hutumia anwani zilizotengwa kwa matumizi ya ndani. Zile utakazokutana nazo zaidi huanza na 192.168. Nyingine huanza na 10, na kundi la tatu linaanzia 172.16 hadi 172.31. Kwa kawaida ruta ndiyo inayogawa anwani kwa huduma iitwayo DHCP, ili mtumiaji asiandike namba kwa mkono.

Ili kuiona anwani, kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike ipconfig. Kwenye Ubuntu andika ip addr. Kwenye kompyuta ya Apple andika ifconfig. Kisha linganisha. Tuseme Windows imekupa 192.168.1.10 na Ubuntu 192.168.1.15, na zote mbili zina namba ya kugawa mtandao inayosomeka 255.255.255.0. Namba hiyo inasema kwamba sehemu tatu za kwanza za anwani ni jina la mtaa, na sehemu ya mwisho ni namba ya nyumba. Kompyuta hizi ziko mtaa mmoja, 192.168.1, kwa hiyo huweza kuongea moja kwa moja.

Sasa tazama hali tatu zisizo sawa.

Hali ya kwanza, Windows inaonyesha anwani inayoanza na 169.254. Anwani hiyo haikutolewa na ruta. Kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Ukiiona, acha kabisa mambo ya folda na nywila, rudi kwenye kebo, Wi-Fi au ruta yenyewe. Ubuntu ikishindwa kupata anwani, mara nyingi haijipi chochote. Utakuta hakuna anwani ya toleo la 4 isipokuwa 127.0.0.1, ambayo ni ya kompyuta kujiita yenyewe na haimaanishi kwamba mtandao upo.

Hali ya pili, kompyuta mbili zina anwani ileile. Hutokea pale mtu alipoiandika anwani kwa mkono kwenye moja, kisha ruta ikaigawa kwa nyingine. Dalili yake ni mtandao unaokuja na kukatika. Tiba ni kuirudisha kompyuta ile ichukue anwani kutoka kwa ruta.

Hali ya tatu ni ngumu kidogo, na mwanafunzi anayeielewa namheshimu. Kompyuta moja ina 192.168.1.10 na nyingine 192.168.0.15. Namba ya kugawa mtandao ni 255.255.255.0 kwa zote mbili. Sehemu ya tatu ni tofauti, kwa hiyo ni mitaa miwili. Imekuwaje nyumba moja ikawa na mitaa miwili? Kwa kawaida mtu amenunua ruta ya pili ili Wi-Fi ifike chumbani, akaichomeka nyuma ya ile ya kwanza, nayo ikaanza kugawa anwani zake yenyewe. Kompyuta iliyo nyuma ya ruta ya pili huweza kuifikia ile ya sebuleni, kwa sababu ruta yake hupeleka maombi nje kwa niaba yake. Ile ya sebuleni haiwezi kuanzisha mazungumzo kwenda ndani. Ukisikia kwamba mawasiliano yanakubali upande mmoja tu, hesabu ruta kabla ya kitu kingine. Tiba ni kuzima DHCP kwenye ruta ya pili, kuipa ruta hiyo anwani isiyotumika kwenye mtaa wa kwanza, na kuchomeka kebo kwenye tundu lake la kawaida badala ya lile la intaneti. Hapo itafanya kazi kama swichi yenye Wi-Fi.

Ping

Amri ya ping hutuma pakiti ndogo na kusubiri jibu. Windows hutuma nne kisha husimama. Ubuntu huendelea kutuma mpaka ubonyeze Ctrl na C pamoja. Usidhani kompyuta imekwama.

Fuata mpangilio. Piga ping kwa ruta kwanza, kwa mfano ping 192.168.1.1. Ikijibu, kompyuta yako na njia yake mpaka kwenye ruta ni nzima. Kisha piga kwa kompyuta ya pili. Kisha nenda kwenye kompyuta ya pili upige kurudi huku. Wanafunzi wengi hupiga upande mmoja tu, na hivyo huacha nusu ya ushahidi.

Jibu la kushindwa nalo lina maana, na Windows hutoa majibu ya aina mbili. Ikisema kwamba mahali ulipopaita hapafikiki, na ujumbe huo unatoka kwenye anwani ya kompyuta yako mwenyewe, maana yake hakuna kifaa mtaani kinachoitikia anwani ile. Kompyuta ya pili imezimwa, haijaunganishwa, au umekosea namba. Ikisema kwamba muda wa kusubiri umekwisha, mara nyingi kompyuta ya pili ipo, imepokea pakiti, na imenyamaza kwa makusudi. Inayonyamaza hivyo ni programu ya ulinzi inayoitwa ukuta wa moto.

Ukuta wa moto

Windows inapoingia kwenye mtandao mpya huupanga katika kundi mojawapo: mtandao binafsi au mtandao wa hadharani. Ule wa hadharani ni kama wa hotelini au stendi ya mabasi, na hapo Windows hujificha. Haijibu ping na haitoi folda zake. Mtandao wa nyumbani ukiwekwa kwenye kundi la hadharani kwa bahati mbaya, Ubuntu haitaona kitu. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, uubadilishe uwe binafsi, kisha uruhusu kushiriki mafaili na printa.

Hapa kuna mtego. Ukiandika "zima ukuta wa moto" ukaishia hapo, umetoa jibu la hatari, na mtahini makini atakunyima alama. Kuuzima kwa dakika mbili ili kujaribu ni kipimo halali, mradi uuwashe tena. Tiba yenyewe ni kuruhusu huduma moja inayohitajika. SMB hupita kwenye mlango namba 445. Unafungua mlango huo kwa mtandao wa nyumbani tu, na mingine inabaki imefungwa. Kama Ubuntu ndiyo yenye folda na ukuta wake wa moto umewashwa, amri ni sudo ufw allow samba.

Huduma na toleo lake

Ping inajibu pande zote mbili na folda bado haionekani. Sasa ndiyo unafika kwenye huduma yenyewe.

Usitegemee orodha ya kompyuta inayojitokeza kwenye dirisha la mtandao. Orodha hiyo huchelewa, na mara nyingine kompyuta nzima kabisa haimo. Iite kompyuta moja kwa moja kwa anwani. Kwenye Ubuntu au Apple andika smb://192.168.1.10. Kwenye Windows andika \\192.168.1.15. Ikifunguka kwa anwani lakini ikakataa kwa jina, huduma ni nzima na tatizo liko kwenye majina. Chunguza kama kompyuta mbili zina jina moja, au kama jina limezidi herufi 15, ambazo ndizo kikomo cha mfumo wa zamani wa majina ya Windows.

Ikikataa hata kwa anwani, uliza kama huduma ipo. Ubuntu ikiwa ndiyo inayotoa folda lazima Samba iwe imewekwa. Kisha uliza umri wa kompyuta. Windows XP hujua toleo la kwanza tu la SMB. Mwezi Mei 2017 programu hasidi iitwayo WannaCry ilienea duniani kwa kupitia udhaifu katika toleo hilo, ikafunga mafaili ya watu na kudai fedha. Microsoft ilikuwa imeshatoa sasisho la kuziba udhaifu huo mwezi Machi mwaka huohuo, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimesasishwa. Kuanzia mwishoni mwa 2017, Windows 10 inapowekwa upya haiwashi tena toleo la kwanza, na Samba nayo ililizima katika mipangilio yake ya kawaida mwaka 2019. Kwa hiyo kompyuta ya zamani yenye XP na mpya yenye Windows 10 hushindwa kuelewana ingawa zote ni Windows, wakati Ubuntu na Windows 10 huelewana vizuri. Mfano huu peke yake unatosha kuliangusha lile jibu la "haziendani".

Je, uwashe toleo la kwanza kwa ajili ya kompyuta ya zamani? Mimi nasema hapana. Hamisha mafaili kwa flashi, au weka Linux nyepesi kwenye kompyuta hiyo.

Jina, nywila na ruhusa

Ikiwa skrini imekuomba nywila, furahi kidogo. Tabaka zote za chini ni nzima. Usirudi tena kwenye kebo.

Nywila inayotakiwa ni ya kompyuta yenye folda, siyo ya kompyuta uliyokalia. Hapo hukwama wengi. Ukiwa kwenye Ubuntu unafungua folda ya Windows, unaandika jina na nywila ya akaunti iliyo kwenye Windows. Namba fupi ya siri ambayo watu hutumia kuwasha Windows haifanyi kazi kupitia mtandao, kwa sababu ni ya kifaa kile tu. Na akaunti isiyo na nywila kabisa Windows huikataa mtandaoni, hata kama mezani inafunguka. Iwekee nywila.

Upande wa Ubuntu, Samba hutunza orodha yake ya nywila, tofauti na ile ya kuingilia kwenye kompyuta. Mtumiaji aliye na akaunti ya Ubuntu bado lazima aongezwe kwenye Samba kwa amri sudo smbpasswd -a ikifuatiwa na jina lake. Asipoongezwa, atakataliwa hata akiandika nywila sahihi mara mia.

Ameingia, anasoma faili, lakini hawezi kuhifadhi? Hiyo ni ruhusa. Windows ina ngazi mbili, ruhusa ya folda kupitia mtandao na ruhusa ya folda kwenye diski, na inayobana zaidi ndiyo inayofuatwa. Samba nayo, usipoiambia vinginevyo, hutoa folda ya kusoma tu.

Jambo dogo la mwisho ni majina ya mafaili. Ubuntu huona Historia.odt na historia.odt kuwa mafaili mawili. Windows huona moja. Ubuntu pia hukubali alama ya kuuliza au nukta pacha ndani ya jina la faili, ambazo Windows imezikataza. Faili la namna hiyo likitazamwa kutoka Windows huonekana na jina la ajabu lililofupishwa. Halijaharibika. Badilisha jina lake ukiwa kwenye Ubuntu.

Jibu linalopata alama

Rudi kwenye swali la mwanzo. Jibu zuri halihitaji kurasa. Kila hatua iwe na kitendo na maana ya matokeo yake. Nusu ya alama huwa kwenye hiyo maana:

"Nitatazama taa za kebo au jina la Wi-Fi kwenye kompyuta zote mbili, taa ikiwa imezima, tatizo ni la kiungo. Nitasoma anwani kwa ipconfig na ip addr. Zikiwa za mitaa tofauti au moja ikianza na 169.254, tatizo ni la ugawaji wa anwani. Nitapiga ping kwa ruta, kisha kwa kompyuta ya pili kutoka pande zote mbili. Ruta ikijibu na Windows ikanyamaza, nitashuku ukuta wa moto. Nitahakikisha mtandao umewekwa kuwa binafsi na kushiriki mafaili kumeruhusiwa, kisha nitaita smb://192.168.1.10, ikikubali kwa anwani na kukataa kwa jina, tatizo ni la majina. Nitaingia kwa jina na nywila ya akaunti ya Windows. Nikikubaliwa bila kuweza kuhifadhi, tatizo ni la ruhusa."

Jipime

1. Kompyuta ya Windows ina anwani 169.254.20.7. Mwanafunzi ameanza kwa kubadilisha nywila ya folda. Eleza kosa lake na hatua aliyopaswa kuanza nayo.

2. Kompyuta A ina 192.168.1.10 na B ina 192.168.0.15, zote zikiwa na 255.255.255.0. B inapata jibu la ping kutoka A, lakini A haipati jibu kutoka B. Toa sababu mbili zinazowezekana, na kipimo cha kutofautisha kati yake.

3. Simu na kompyuta zote nyumbani zinapata intaneti, lakini kompyuta mpakato moja haiioni printa ya mtandao. Taja jambo la kwanza utakalolichunguza.

Kwa namba 2: sababu ni ruta ya pili yenye mtaa wake, au ukuta wa moto wa B. Hamishia B kwenye ruta ya kwanza, soma anwani yake mpya, kisha piga ping kutoka A. Ikijibu, ilikuwa ruta. Ikinyamaza wakati ziko mtaa mmoja, chunguza ukuta wa moto. Namba 1 na 3 majibu yake yamo humu ndani. Yaandike bila kurudi kutazama.